Nyumba ya Kumi na Nne

Kofia ni sita, sisi ni kumi na tisa.
Kofia inahama kichwa hadi kichwa, na jasho la Ntakwinja
hunishukia kwenye nyusi kabla ya langu.
Uwanja wa chuo ni mteremko, kama kila kitu Bukavu:
ukiangusha limau hapa, lifuate ziwani.

Juma la kwanza: mpira.
Kuukunja, kuukunjua, kuubeba begani kama maiti ya jirani,
kwa adabu, bila kuburuta.
Ajida Zihalirwa anahesabu kwa Kifaransa, anatukana kwa Kishi.
"Maji yana nguvu kuliko shangazi yenu. Panueni miguu!"
Yakaja maji. Balagizi akaanguka chali,
mpira ukacheza peke yake uwanjani
ukamlowesha mkurugenzi pamoja na barua zake.

Juma la tatu: moshi.
Ghala la zamani la kahawa, matairi mawili yanawaka,
kitambaa machoni. Kifua kwenye saruji,
mkono wa kulia haubanduki ukutani.
Moshi ndio mwenye nyumba; wewe mgeni, ingia umeinama.
Nikamtoa mtu wa gunia, kilo hamsini za mchanga,
ambaye Ajida amemchorea masharubu.
Siku mbili nilikohoa nyeusi.
Mama akanichemshia majani, hakuuliza.

Juma la tano Ajida akatandika karatasi sakafuni,
ramani aliyoichora mwenyewe kwa makaa:
Nyamugo, vijia, ngazi za udongo.
"Gari letu linaishia hapa." Akaweka kizibo cha soda.
"Moto uko huku." Akaweka njiti ya kiberiti.
"Katikati nyumba mia mbili za mbao, na upepo unapanda.
Maji hayafiki. Mnafanya nini?"

Bidoni, mkono kwa mkono, akasema mmoja.
Mchanga.
Sala.
Akachukua shoka, akalilaza mapajani mwangu.
"Mnahesabu nyumba zilizo mbele ya moto.
Mnachagua ambayo haijaungua.
Mnaibomoa."

Nikasikia tena misumari ikilia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Mbabula ya mtu, hakuna aliyekiri ya nani,
ilikula nyumba kumi na tatu.
Yetu ilikuwa ya kumi na nne.
Haikuungua.
Vijana wanne walipanda na mashoka na kamba,
wakamkamata mama kwapani wakamtoa, kitanda kikabaki,
wakaikunja nyumba yetu kama mkeka wa msiba uliokwisha.
Moto ukafika, ukakuta udongo mtupu,
ukazungukazunguka kama aliyekosea mlango,
ukalala.

Nyumba ya kumi na tano ipo hadi leo. Wameipaka kijani.
Miaka tisa mama anaipita bila kuisalimu.
Na mimi majina ya wale wanne niliyajua yote;
niliyatafuna usiku, badala ya usingizi.

"Nsimire," akasema Ajida, "unachagua ipi?"
Uzito wa shoka ulikuwa mpinini, si kwenye chuma.
Nikatazama njiti, nikatazama upepo alioupigia mshale,
nikahesabu. Nikaweka kidole.
"Kwa nini hiyo?"
"Iko kwenye kona. Paa litaangukia ndani. Halafu wenyewe..."
Nikakwama. Akasubiri, kitu asichokijua sana.
"Wenyewe watoke kwanza. Na mmoja wetu atoke na kitanda chao."
Balagizi akacheka, akaacha.
Hilo halikuwamo kitabuni.
Ajida akalamba ncha ya kalamu, akaliandika pembeni.

Jioni mama anachambua sambaza mlangoni
pa chumba tunachopanga,
magamba yamemng'ang'ania hadi kwenye viwiko.
"Leo mmefundishwa nini?"
Nilinawa mikono muda mrefu,
makaa ya ramani hayatoki upesi.
"Kuhesabu," nikamwambia.
Akanitazama, samaki mmoja mkononi.
"Hadi ngapi?"