Kompyuta ya Tatu, Karibu na Dirisha

Saa kumi na mbili nafunga, lakini kabla sijazima mashine
husoma kumbukumbu za katalogi: nani kauliza nini,
mara ngapi kajikosoa.
Wengi hukata tamaa mara ya pili.
Vijana wa Nyegezi huandika swali zima la mwalimu
pamoja na alama zake, (maksi 10),
kisha huchungulia kwa jirani.

Huyu wa leo alianza na neno moja:
mawe.
Matokeo mia mbili na sita. Mawe ya figo. Mawe ya thamani.
Akaongeza: mawe mwanza.
Akaongeza: mawe makubwa mwanza.
Akafuta mwanza, kama mtu
asiyependa kutaja mtaa wake mbele ya wageni.

Mawe yaliyobebana. Sifuri.
Mawe yaliyopandana. Sifuri.
Nani aliyapanga mawe. Sifuri,
na mashine, kwa adabu yake ya kijinga, ikamuuliza:
je, ulimaanisha nani alipanda mawele?

Dakika nne hakuandika kitu.
Nikamkumbuka: Lubango, sweta la kijani, viwiko vimetoboka,
anakaa Mabatini, kule juu ngazi zinakoishia.
Alikuwa anatazama nje. Mvua ilishaifuta Saanane,
ilikuwa inakuja mjini.

Kisha, haraka haraka:
jiwe kuanguka
jiwe huanguka lini
dalili za jiwe kuanguka
dalili za jiwe kuanguka kama chini yake kuna nyumba

Hapo nikavua miwani.
Neno la kwanza lilikuwa la shule.
Haya yalikuwa ya kwao.

Kitabu tunacho. Rafu ya 551.
Sisi tulikiandika "Jiolojia: uthabiti wa miteremko",
maneno ambayo hakuna alalaye chini ya jabali
angeyawaza usiku wa masika.
Nikafungua rekodi yake. Kwenye nafasi ya mada,
bila idhini ya mtu, nikachapa:
jiwe juu ya nyumba.
Nikajaribu mwenyewe. Kikaja, kimoja tu.
Kimeazimwa. Tangu mwaka juzi hakijarudi.

Nikarudi kwenye kumbukumbu. Ulibaki mstari mmoja,
saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili,
bila nukta:

mama hataki kuhama

Matokeo: sifuri.
Tafadhali badili maneno yako, ujaribu tena.