Mwanga wa Mitumba

Bafu letu halina dirisha la nje.
Waliojenga maghorofa haya ya Łódź
walitoboa kidirisha juu, kati ya jiko na bafu,
ili mwanga uanzie kwa masufuria, uzunguke birika,
ndipo utufikie sisi tunaopiga mswaki.
Mwanga wa mitumba, Zdzisław aliuita.
Jiko likishauvaa, ndipo sisi tunaletewa.

Mwaka wa kwanza nilinunua lavenda.
Nilitaka harufu. Nilidhani harufu yatosha.
Ikafa mwezi Machi, imesimama wima,
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.
Mpungate nao ukaoza kuanzia kitakoni,
laini kama sabuni iliyosahauliwa majini.

Ndipo Ziemowit, muuza mimea wa sokoni Bałuty,
mtu wa kucha nyeusi na maneno ya kuhesabu,
akaniuliza jambo ambalo sijapata kuulizwa:
"Kwako nani huoga, na huoga muda gani?"

Nikacheka. Nikaona haya. Nikajibu.
Mume wangu, nikasema. Dikteta wa maji ya moto.
Huingia na gazeti, hutoka nalo limekuwa uji.
Kioo hutiririka machozi, rangi ya dari inabambuka.
Ziemowit akainama chini ya meza, akaibuka na kangaga.
"Chukua hili. Wewe usilinyweshe.
Mwache yeye aoge."

Likashika.
Miaka kumi na moja lilining'inia juu ya hodhi,
nywele timtim, likinywa pumzi za Zdzisław.
Nikaongeza ua la bawa, lisilonung'unikia giza,
na mtambaazi uliofuata bomba
kama jirani anavyofuata habari,
na juu ya kabati, ulimi wa mama mkwe,
ambao hauhitaji chochote kutoka kwako
na haukuachi usahau hivyo.

Bili ya gesi tuliigombania kila mwezi.
Niligonga mlango kwa mwiko:
"Umefia humo?"
Alinijibu kwa kufungulia zaidi.

Oktoba akafa. Si humo.
Hospitalini, katika chumba kikavu.

Mimi huoga dakika nne. Nililelewa kwa ndoo.
Kufika Krismasi kangaga likageuka kahawia, ncha kwa ncha,
likidondosha vipande katika hodhi jeupe.
Nililinyunyizia kwa chupa. Nililiwekea sahani ya kokoto na maji.
Nililiimbia, Mungu anisamehe, kwa sauti yangu ile.
Halikudanganyika.
Lilijua nani hayupo.

Februari nikapangisha chumba cha nyuma
kwa Kalina, mwanafunzi wa filamu, miguu mirefu,
asiyejua salamu kabla ya saa nne asubuhi.
Alikuja na mkoba mmoja na swali moja:
"Maji ya moto yana kikomo?"
Nikafungua mdomo, mwiko mkononi.

Sasa usiku nakaa jikoni, taa nimeizima.
Mwanga umegeuza njia: unatoka bafuni,
unapita kidirishani, unaangukia masufuria yangu.
Dakika ishirini. Ishirini na tano.
Mita ya gesi inazunguka kama kichaa
na mimi nimeikalia mikono yangu.
Nyuma ya kioo chenye ukungu, juu kabisa,
kuna kitu kibichi, kimejikunja
kama ngumi ya mtoto mchanga,
kidole kimoja kimeshaachia.