Pumzi Kwanza

Ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi,
Winnipeg, Januari, baridi ya kugandisha kope.
Mvuke wa pasi ulipenya kwenye mbao za sakafu
na piano ya Bi Halyna haikukaa sawa hata siku moja.
"Si kitu," alisema. "Hata nyinyi hamjakaa sawa."

Kwanza alitulaza chali,
kitabu cha simu juu ya tumbo la kila mmoja:
muuza bima, mstaafu wa reli, mimi mfagiaji wa wodi.
"Kiinueni kwa pumzi. Msiimbe bado.
Mwenye haraka ya kuimba hana la kusema."

Miaka thelathini aliimba
katika michezo isiyotandikiwa zulia.
Ule wa washonaji waliogoma
alivaa aproni ya bibi yake, ile ile,
yenye sindano iliyosahaulika kwenye pindo.
Ikamchoma onyesho la tatu,
noti ya juu ikatoka kali kuliko ilivyoandikwa.
Watazamaji kumi na tisa. Saba walifuata joto tu.
"Nao walipiga makofi," alisema, "ila kwa glavu."

Ule wa wapangaji:
notisi ya kuhamishwa aliikuta chini ya mlango wake mwenyewe,
akampelekea mtunzi, ikatiwa muziki
neno kwa neno, pamoja na tarehe na namba ya faili.
Mwenye nyumba alinunua tiketi. Safu ya tatu.
Alicheka pasipochekesha, akasimama kushangilia,
na kodi ikapanda vilevile.
Basi msiniambie wimbo hubomoa ukuta.
Bi Halyna hakuwahi kusema hivyo.
Alisema ukuta una masikio,
na sikio halina kope la kufumba.

Kisha koo. Vinundu viwili, kama punje za mtama.
Daktari akamkataza kusema wiki sita.
Tulidhani darasa limekufa.
Alikuja. Akafundisha kwa mikono:
kofi moja mezani, rudia; mawili, unadanganya.
Kiganja mbavuni mwangu: hapa, si kooni.
Ndipo niliposikia ninavyovuta hewa
kama mwizi, kidogo kidogo, nisigundulike.
Miaka ishirini na miwili nimepumua hivyo
nikisukuma ndoo.

Aprili, baraza la jiji lilikaa kuhusu kliniki yetu ya usiku.
Dakika mbili kwa kila mtu.
Zamu yangu, kipaza sauti kikakoroma, kikazima.
"Tumsubiri fundi," karani akasema.
Kule nyuma, skafu ya zambarau hadi kidevuni,
asiyeruhusiwa hata kunong'ona
aliinua kidole kimoja. Si cha kutia moyo. Cha kuhesabu.
Nikaweka tumboni kitabu kisichokuwepo.
Nikasubiri kiinuke.
"Naitwa Noreen Desjarlais.
Saa tisa usiku nafuta damu ya watoto wa mtaa wenu."
Sauti ilifika hadi mlangoni.
Mlinzi alivua kofia, sijui kwa nini.

Kura tisa kwa sita. Tulishindwa.

Nje, theluji chakavu, nyeusi kama masizi.
Alitoa daftari, akaandika, akanionyesha chini ya taa:
*Silabi ya mwisho umeimeza.*
Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi:
*Jumanne, saa kumi na mbili. Njoo na maji.*