Mizani

Siku ya kwanza nilisema: kipande kimoja tu.
Lamara akacheka hadi kijiko kikamponyoka.
Hachapuri ilikuwa imetoka ovenini sasa hivi,
jibini inavutika kama uzi wa cherehani,
siagi imetuama katikati, kidimbwi cha manjano,
na mimi, niliyetoka Thesaloniki kwa basi, saa thelathini,
kwa biskuti na mayai mawili ya kuchemsha,
nikala kipande kimoja,
kisha ndugu yake,
kisha ukoo mzima.

Kule kazini namlisha mzee Stavros
supu isiyo chumvi, saa sita kamili, kijiko kwa kijiko.
Daktari amempiga marufuku chumvi, mafuta na hasira.
Miaka minne nakula anachobakiza.
Ulimi wangu umejifunza adabu,
kama mtoto aliyelelewa kwa watu.

Lakini hapa Kutaisi, jikoni kwa Lamara, ghorofa ya tano,
lifti mbovu tangu tulipokuwa wasichana,
adabu iliniishia ngazini.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mimi nilipewa hinkali.
Unaishika kwa kifundo, unaing'ata ubavuni,
unafyonza mchuzi kabla haujakutoroka mkononi.
Kifundo hakiliwi; hubaki sahanini, ushahidi.
Tsiuri akavihesabu vyangu kwa sauti, kama karani wa kura:
kumi na saba.
Ya kumi na nane nikaila na kifundo chake.

Halafu maharage ya chunguni. Mkate wa mahindi.
Biringani zilizopakwa jozi za kusaga, na kitunguu saumu
kilichonifanya nisalimie watu kwa mbali.
Siku ya tano Tsiuri alileta mizani yake ya sokoni,
ile ya kupimia magunia ya viazi,
wakanipandisha kwa vicheko:
kilo nne zaidi ya nilizokuja nazo.
Tsiuri naye akapanda, akaitukana mizani.
Lamara alikataa. Alisema miguu yake ina unga.

Usiku ule tumbo lilinikalia kama jirani asiyeaga.
Nikaamka kutafuta maji.
Lamara alikuwa jikoni, taa imezimwa,
friji wazi inammulika magotini.
Pete yake ameizungushia uzi
isivuke kifundo cha kidole.
Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwona akitafuna.
Siku tano. Mikono ikikata, ikikanda, ikimimina,
na mdomo kazi yake moja: ongeza.

"Dawa zinanitia kichefuchefu," akasema,
kama anayesema nje kunanyesha.
"Usimwambie Tsiuri. Keti. Biringani zimebaki."

Nikaketi. Sikuwa na njaa,
sikuwa hata na nafasi.
Alinitazama kila tonge likishuka
kama mtu anayesikiliza redio, habari za kwao,
na nilipoliweka chini uma akausogeza tena kwangu,
taratibu, kwa kidole kile chenye uzi.
Nikaimaliza sahani.

Kituoni, mpakiaji aliuinua mfuko wangu, akaguna:
"Mama, umebeba mawe?"
Jibini ya moshi, donge saba, ndani ya taulo.
Sketi nimeifunga kwa pini.
Tsiuri alinipungia hadi basi likakata kona.
Lamara hakushuka. Ngazi, alisema. Lifti.

Mzee Stavros alinikagua toka kichwani hadi miguuni.
"Umenenepa," akasema; neno lake la kwanza kwa siku mbili.
Nikatia chumvi kwenye supu yake, ncha ya kidole tu.
Akafumba macho, hakuniuliza.

Usiku nampigia Lamara. Za dawa hatusemi.
Ananiuliza nimekula nini leo,
nami, mwenye mkate mkavu na chai,
namdanganya sahani moja moja, polepole,
nyama, mchuzi, siagi inavyochuruzika kidevuni,
hadi nimsikie ule upande wa pili
akishusha pumzi, kama aliyeshiba.