Kosa Linalopungua

Usiku wa kwanza mkono ulipapasa meza
kama mtu anayetafuta kiberiti umeme ukikatika.
Mota tatu za waipa, za Probox iliyofia Barani,
bomba la alumini, vidole vya mpira wa tairi,
na kiganjani kamera ya simu
iliyopasuka kioo sokoni.
Nikauambia: chukua korosho.
Ukaipita korosho, ukashika hewa,
ukaifinya hewa kwa uangalifu mkubwa.

Mwarandu akacheka mlangoni,
miwani ya kuchomelea ikining'inia shingoni,
miwani anayoivaa sasa,
jicho la kushoto likiwa limeshakwenda.

Nilibandika ukutani karatasi ya dama,
nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe,
nikaupitisha mkono mbele yake mara arobaini
nijue lenzi inapinda wapi,
mstari ulionyooka unageuka upinde wapi.
Watoto wa Mbodze wakauliza kete ziko wapi.
Nikasema, kete ni sisi.
Sikuwa na maana yoyote. Nilikuwa nimechoka.

Hesabu yenyewe haitishi:
hapa ndipo korosho ilipo kwenye picha,
pale ndipo nitakapo iwe.
Katikati pana pengo, na pengo lina jina: kosa.
Mkono husogea ili kosa lipungue,
hutazama, husogea tena,
mara thelathini kwa sekunde.
Mwalimu wetu wa darasa la tano, kule Muyeye,
alitwambia, kiboko kikiwa mezani,
kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.
Njoo uone, mwalimu.
Huu unarudia, unarudia,
na kila unaporudia
kosa ni dogo kuliko lililotangulia.

Lakini umbali ulitushinda.
Kushoto na kulia uliweza; mbele, la.
Korosho ndogo iliyo karibu
na korosho kubwa iliyo mbali,
kwa jicho moja ni korosho ile ile.
Wiki mbili sahani ilijaa vipande.
Vipande huuzwa nusu ya bei,
na korosho zilikuwa za mama.

Ndipo asubuhi moja Mwarandu akimimina chai
nikamwona. Miaka mitatu tunakula pamoja
na sikuwahi kumwona:
kabla ya kumimina, kichwa chake huenda
kidogo kushoto, kidogo kulia,
kama mtu anayekataa kitu kwa adabu.
Kisha birika hutulia, na kikombe hakikosi.

"Unafanya nini?"
"Nini?"
"Hicho kichwa."
Akanyamaza, akakoroga sukari iliyokwisha yeyuka.
"Kilicho karibu hukimbia," akasema,
"cha mbali hukaa.
Nilimwaga chai mwaka mzima ndipo nikajua."

Usiku ule niliufundisha mkono kukataa kwa adabu.
Ukayumba kushoto, ukayumba kulia,
ukapima nani amekimbia na nani amekaa.
Saa nane, genereta ya jirani ikikohoa,
vidole vikafumba juu ya korosho nzima
iliyojikunja kama sikio la kichanga,
vikaishusha bakulini bila ufa.

Sikumwamsha. Niliandika daftarini:
kosa, pikseli mbili.
Nikazima taa, nikafumba jicho la kushoto,
nikanyoosha mkono kutafuta kitasa,
nikakikosa,
nikarudia.