Kipa wa Akiba, Sivas

Jina lake Remigiusz. Huku wanamwita Remzi,
maana ulimi wa mtangazaji ulijikwaa
mechi ya kwanza, ukakataa kuinuka.

Misimu mitatu. Glavu bado zanukia duka.
Theluji ya Sivas inamjua kuliko mashabiki;
mtunza jezi humletea chai, bilauri ndogo
yenye kiuno, na sukari mbili asizoomba.

Jumapili mama hupiga simu kutoka Zabrze.
"Umecheza?"
"Nimekula, mama."
Baba alishuka mgodini miaka thelathini na moja
asione jua; mwana kapanda juu, hadi benchi,
naye halioni.

Dakika ya themanini na nane kipa mkuu anateguka goti.
Remzi anaingia, vidole baridi kama kufuli.
Penalti.
Mpigaji auweka mpira, ainama, anong'ona
kwa Kipolandi, kwa lafudhi ya wachimba makaa:
"Niwie radhi, ndugu."

Misimu mitatu hajaitwa ndugu uwanjani.
Anainua macho amtazame usoni,
mpira unampita kushoto.

Jukwaa zima lazomea.
Yeye anauokota wavuni, anacheka,
anamkimbilia adui:
"Wa mtaa gani?"