Halina Vina

Nilimsomea ukumbini, Wete, msimu wa kuchuma,
karafuu zimeanikwa majamvini hadi kizingitini
nasi tumebanwa ukutani na harufu yake.
Karatasi zangu zina madoa ya wino:
Kiebrania upande huu, Kiswahili changu upande ule,
katikati mstari niliouchora kwa penseli
nisije nikavuka bila kujua.

Bi Time Shaame alisikiliza, jicho moja kalifumba.
Yeye ametungia maharusi wa Mtambwe na misiba ya Kojani;
silabi ya tisa huikataa
kama anavyokataa samaki wa jana.
“Mwalimu Hezroni, hili si shairi.
Halina vina. Mizani imelegea
kama kamba za kitanda cha mgonjwa.
Huyo mtunzi alifunzwa na nani?”

Nikasema, wanasimulia kuwa alichunga kondoo.

“Basi ndiyo maana.”

Nikajitetea. Watu wale husema jambo mara mbili:
akisema nimekonda,
mstari wa pili nguo inampwaya;
akisema mlango umefungwa,
mstari wa pili anatafuta dirisha.
“Kwani Mola wao hasikii la kwanza?”
Sikuwa na jibu. Nikakunja karatasi.

Alasiri, uani, wakeze wanawe, Mize na Bikombo,
walitwanga mpunga kinu kimoja.
Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka.
Pigo la kwanza huvunja ganda,
la pili huitafuta punje.
Bi Time alikuwa akimenya muhogo.
Kisu kikasimama hewani.
“Hebu soma tena.”

Nikasoma juu ya kinu, karibu nipige kelele,
mstari na mchi, mstari na mchi,
Mize anacheka, Bikombo hakosi pigo.
“Kumbe vina vimo ndani,” akasema.
“Vinagongana kwa maana, si kwa mlio.”
Halafu, upesi, nisije nikavimba kichwa:
“Lakini chenye mizani ni bora. Hilo nalo liandike.”

Nikafika penye neno nililoliacha kama lilivyo.
Sela. Limekaa peke yake mwisho wa mstari.
Wataalamu hubahatisha: labda tua, labda inua sauti,
labda ni la wapiga vinanda, walikufa nalo.
Bi Time hakuuliza kamusi.
Aliwatazama wale wawili
wameegemeza michi mabegani, wanafuta jasho,
Bikombo anapindua mpunga kwa mkono.
“Ni hapo,” akasema. “Usilifasiri.”

Tukakaa hapo kidogo.

“Humo mwako,” akauliza, sasa kwa sauti ya chini,
“mna aliyemwambia Mola, umekawia?”
Wamo, Bi Time. Wamejaa. Wengine wanagomba.
“Na hawakufutwa?”
Hawakufutwa.

Kila mtu Wete anajua habari za Khatibu,
mwanawe wa mwisho, aliyekwenda Mombasa
miaka kumi na minne, na salamu hakuleta.
Hakuna anayemtaja mbele ya mama.
Aliuokota muhogo, akauweka,
akasema akitazama kinu, wala si mimi:

“Naja kwako Mola wangu, mikono imechunika,
Nimetwanga siku zangu, pumba zimepeperuka,
Iko wapi punje yangu, ungoni sijaishika,
Umenikawia, Mungu, nami bado sijatoka.”

Nilihesabu kwa vidole, ndani ya mfuko.
Nane kwa nane. Hapana hata moja iliyozidi.

“Hilo usilitie humo,” akasema. “Lile ni la wenyewe.”
Sikulitia.
Niligeuza karatasi, nikaliandika nyuma,
upande ambao sikuuchora mstari.
Michi ikaanza tena.